Shajara ya mbegu: kulea mimea ya shina nene Nakuru

Februari

Mbegu za waridi la jangwani zimefika kutoka Marigat, Baringo, bado zimo ndani ya vifuko nilivyoshona kwa masalio ya neti ya mbu. Vifuko hivyo niliwapelekea wenye boma mwezi Desemba, maua yalipokwisha na maganda yakaanza kutokea mawili mawili, yamechongoka na kupeana migongo. Ganda hili likikauka hupasuka ubavuni. Kila mbegu ina shungi la nywele ncha zote mbili, kwa hiyo upepo wa Baringo ukivuma alasiri moja tu, unakuta ganda tupu. Ukilivika kifuko mapema hupotezi hata mbegu moja.

Nimeamua kuandika kila hatua kwa sababu nataka kazi hii iweze kurudiwa na mtu mwingine. Kando ya barabara nimekuwa nikiona mashina ya waridi la jangwani yakiuzwa, mizizi imekatwa kwa panga, udongo wa porini bado umeganda kwenye makunyanzi. Shina la upana ule halikulelewa na mtu. Limekaa mwambani miaka mingi, likang'olewa asubuhi moja, na wengi wanaolinunua hulipanda kwenye udongo mzito na kulimwagilia kila siku hadi linaoza. Pesa zao zimelipia shimo porini. Mimi nataka mtu wa Nakuru anayeupenda mmea huu aupate ulioota kwa mbegu, hapa hapa mjini, na aone kwamba ni mzuri kuliko ule wa kung'olewa.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisipande matawi, maana tawi hushika upesi na hutoa maua mapema. Ni kweli. Lakini tunachokipenda kwenye mimea hii ni kaudeksi, yaani lile tumbo la chini linalovimba kuweka akiba ya maji, na kwa waridi la jangwani tumbo hilo huanzia kwenye kipande cha mche kilicho kati ya mzizi na majani mawili ya kwanza. Tawi halina kipande hicho. Litanenepesha mizizi baada ya miaka, litapendeza kwa namna yake, lakini lile umbo la chupa lililotandaza miguu hulipati ila kwa mbegu.

Nitakazopanda mwaka huu ni aina nne. Waridi la jangwani (Adenium obesum) ndilo kubwa. La pili ni Adenia globosa, mmea wa huku kwetu Kenya na kaskazini mwa Tanzania, wenye tumbo la kijani linalofanana na jiwe na matawi yenye miiba. Mbegu zake zimekuja na kifurushi cha basi kutoka Taita. La tatu ni mguu wa ndovu (Dioscorea elephantipes) wa Afrika Kusini. La nne ni mbuyu, kwa ajili ya watoto wa mtaa wanaosimama langoni kuuliza ninafanya nini.

Juu ya mbuyu, neno moja kwa wanaotaka kujaribu: mabuyu yale mekundu ya dukani yameshapikwa na sukari, hayaoti. Tafuta mbegu zenye unga wake mweupe, ambazo wauzaji wa vitu vya Pwani huwa nazo sokoni. Osha unga, kwaruza ganda la mbegu kwa tupa mpaka uone weupe wa ndani, kisha loweka kwenye maji ya vuguvugu usiku kucha.

Machi, kabla ya mvua

Udongo. Hapa Nakuru tuna bahati ambayo wakulima wa mimea hii kwingineko huinunua kwa magunia. Tunaishi chini ya volkano ya Menengai, na ukichimba msingi wa nyumba unakutana na tabaka za mawe mepesi ya volkano, pumisi, yenye matundu mengi. Jirani anajenga, na mafundi wake wamekuwa wakiyatupa kando. Nimeyachekecha kwa nyavu mbili: ule wa fundi wa plasta, na chujio la jikoni. Vumbi lote nimelitoa, maana vumbi ndilo linaloziba matundu na kufanya chungu kibaki na matope katikati. Zilizobaki ni chembe za kati ya punje ya mtama na punje ya mahindi.

Mchanganyiko wangu ni karai tatu za pumisi kwa karai moja ya mboji iliyooza kabisa. Nimeumwagia maji yanayochemka, nikaufunika kwa gunia hadi ukapoa. Maji ya moto huua mbegu za magugu na sehemu kubwa ya ukungu, na kwa mche wenye upana wa kijiti cha kiberiti, ukungu ndio adui wa kwanza.

Maji nayo ni habari. Visima vingi vya Nakuru vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limeweka kwa maji ya kunywa, na vingi vina magadi. Vyungu vya maua vya mtaani kwetu vina ukoko mweupe pembeni kwa sababu hiyo. Miche yangu itakunywa maji ya mvua peke yake. Nimesafisha mabati na mfereji, tangi linangoja.

Machi, mvua imeanza

Waridi la jangwani huota vizuri kwenye joto la nyuzi 27 hadi 32, mchana na usiku. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku hapa unaweza kushuka hadi nyuzi 10. Jirani yangu mfuga kuku ameleta vifaranga, na vifaranga wa juma la kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35. Nikamwendea.

"Mama, naomba nafasi ya trei mbili tu, pembeni ya vifaranga."

"Ni sukuma, mwanangu?"

"Ni maua ya Marigat."

"Hayana harufu? Kuku wangu hawapendi harufu."

Akakubali. Trei zimekaa nje ya duara la mabati, karibu na jiko lakini mbali na midomo ya vifaranga, maana utomvu wa waridi la jangwani una sumu ya moyo. Wahadza wa Tanzania huupaka kwenye mishale yao ya kuwindia. Jambo hili nimemweleza mama waziwazi kabla sijaingiza trei, na mlango wa banda una komeo.

Mbegu nimezilaza ubavu, nikazifunika kwa pumisi laini kiasi cha kutoonekana, nikaziweka trei ndani ya beseni la maji hadi unyevu ulipopanda wenyewe juu. Kumwagilia kwa juu huzihamisha mbegu na kuzirundika pembeni. Kisha karatasi ya nailoni juu, yenye matundu.

Nusu ya mbegu za maganda yale yale nimempelekea mdogo wangu Kisumu, pamoja na gunia dogo la pumisi. Kisumu iko chini zaidi, mita 1,130 hivi, na usiku wa ziwani una joto. Nataka kujua tofauti ya mahali pekee itafanya nini kwa mbegu za mama mmoja.

Aprili

Zimeota kabla juma halijaisha! Nimepiga magoti kwenye banda la kuku nikiwa na tochi ya simu. Kwanza pumisi inainuka kidogo, chembe moja moja zikisukumwa pembeni. Halafu kinaonekana kipinda cha kijani kilichofifia, kinene tangu siku hiyo hiyo ya kwanza, tofauti kabisa na mche wa nyanya au sukuma ambao hutoka kama uzi. Kinajinyoosha, kinainua ganda la mbegu lililokauka kichwani, na ganda likianguka majani mawili manene yanafunguka. Ukikishika kwa ncha ya kidole unasikia kimejaa maji. Hilo ndilo tumbo, limeanza tayari.

Zaidi ya nusu zimetoka. Mbegu za waridi la jangwani hupoteza nguvu upesi zikikaa, ndiyo maana mbichi za boma hushinda pakiti iliyozunguka madukani.

Adenia kimya. Mibuyu imetoka yote isipokuwa michache, na kila mtoto ana wake kwenye pakiti ya maziwa yenye jina lake.

Mwisho wa Aprili

Mvua bila kupumzika, stima imekatika mara kwa mara, na vifaranga wamekua kiasi kwamba jiko haliwashwi tena usiku. Miche kadhaa imelala. Ukiikagua karibu unaona shingo imekuwa nyembamba na rangi ya chai pale inapogusana na udongo, juu bado ni kijani. Ni ukungu wa miche. Hupenda mambo matatu kwa pamoja: unyevu, baridi na hewa isiyotembea. Huwezi kuizuia mvua isinyeshe, lakini hewa unaweza kuitembeza. Nimeondoa nailoni, nimehamisha trei hadi chumba cha kushonea ambako dirisha hukaa wazi na pasi hutoa joto mchana, na nimeacha udongo ukauke juu kabisa kabla ya maji mengine. Miche iliyoanguka nimeitoa pamoja na udongo wake kwa kijiko. Ugonjwa umesimama.

Vijiinzi vyeusi navyo vimetokea, vile vinavyotaga kwenye mboji yenye unyevu na mabuu yake hula vizizi. Nimetandaza juu unga mweupe wa diatomaiti, unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil. Unga huu ni magamba ya viumbe wadogo sana wa ziwa la kale, na chembe zake hukwaruza na kufyonza nta ya ngozi ya mdudu hadi anakauka. Ukilowa haufanyi kazi, kwa hiyo maji yote yanaendelea kupitia chini.

Mei

Adenia globosa ya kwanza imetoka, peke yake, nilipokuwa nimeshaanza kuitumia ile kona kuwekea vyungu vitupu. Nyingine zinafuata bila mpangilio. Hii ni tabia ya mbegu za porini: mmea wa nchi kavu hauwezi kutuma watoto wote kwenye mvua moja, maana mvua hiyo ikikatika wote watakufa. Atakayepanda Adenia asitupe trei.

Ukoo wake ni ule wa matunda ya karakara, pasheni tunazozijua sote. Kuifahamu hivyo kumenisaidia, kwa kuwa ina mikono ya kushikia ingawa baadaye hukomaa na kuwa miiba, na majani ya mche huja na vitezi vidogo kwenye kikonyo. Lakini pasheni ni chakula, na Adenia si ya kuchezea. Adenia volkensii, ndugu yake wa huku huku Afrika Mashariki, ndiyo iliyowapa wanasayansi sumu iitwayo volkensini, ambayo huzuia seli kutengeneza protini. Nikiigusa navaa glavu, kisu kina kazi hiyo moja tu, na chungu kinakaa juu ya kabati ambako mtoto hafiki. Kwa mtu mwenye watoto wadogo na nafasi finyu, ushauri wangu ni kuacha Adenia na kulea mbuyu.

Juni

Hapa ndipo mradi ulipogeuka.

Baridi imeingia. Waridi la jangwani limesimama, majani ya chini yamekuwa manjano na kudondoka. Mdogo wangu amepiga simu akiwa na furaha.

"Dada, zangu zimefika kimo cha kidole! Zako je?"

"Zimelala."

"Pole. Zilete Kisumu basi, zifanye nini huko kwenye baridi?"

Picha alizotuma zinaonyesha matumbo yaliyo karibu mara mbili ya haya yangu, na majani yanayong'aa. Maganda yale yale, pumisi ile ile. Usiku wa joto ndio uliofanya hivyo, kwa sababu mizizi ya mmea huu hufanya kazi kidogo sana udongo ukipoa, na udongo wenye maji ambao mizizi haiyanywi ni mwaliko wa kuoza. Kanuni yangu ya Nakuru, Juni hadi Agosti: waridi la jangwani linapata maji ya kulowesha ncha za mizizi tu, asubuhi, siku yenye jua. Usiku ukiwa chini ya nyuzi 12 silinyweshi kabisa.

Lakini juma hilo hilo kibali kimekamilika na mbegu za mguu wa ndovu zimefika. Niliomba KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kibali cha kuingiza mimea kabla mbegu hazijatumwa, na mwenye kutuma akaambatisha cheti cha afya ya mimea kutoka kwao. Ni kazi ya subira, na naitetea. Mtu alikuwa ameniahidi mbegu za Pachypodium na miche midogo ndani ya bahasha bila karatasi yoyote. Pachypodium wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini unaofanya kazi tangu 1975, na huku kwetu msimamizi wake ni KWS, shirika la wanyamapori. Mche usio na karatasi huwezi kujua kama ulizaliwa kwenye chungu au uling'olewa Madagaska. Nikakataa, na nitakataa tena.

Mguu wa ndovu hutoka maeneo makavu ya Rasi (Cape), huko Afrika Kusini, ambako hukua majira ya baridi na kulala wakati wa kiangazi chenye joto. Mbegu zake hazitaki banda la kuku. Zinataka nyuzi 15 hadi 20, yaani chumba changu cha kushonea kama kilivyo mwezi Juni. Ni mbegu bapa zenye bawa la ngozi nyembamba upande mmoja. Nimezipanda zikiwa zimelala, pumisi laini juu.

Julai

Mguu wa ndovu umetoka. Kwa ukoo ni kiazi kikuu, na hutoka kama viazi vikuu vinavyotoka: haufungui majani mawili kama waridi la jangwani. Jani lake la mbegu hubaki ndani likinyonya akiba, na juu ya udongo hujitokeza jani moja la umbo la moyo, lenye mishipa inayoanzia kikonyoni na kukutana nchani. Siku za mwanzo jani hilo moja ndilo mmea wote unaouona.

Niliufukua mmoja kwa sindano ya kushonea magunia ili nione chini. Kuna kiazi cha duara, kidogo kuliko njegere, cheupe, laini kabisa, mizizi ikitokea chini yake. Hakuna hata alama ya zile gamba za pembe zinazoufanya mmea mkubwa ufanane na mguu wa mnyama au gamba la kobe. Gamba hizo huja baada ya miaka kadhaa, kiazi kinapopanuka na ganda lake la nje kupasuka kwa mistari. Nimeurudisha chini, haukudhurika.

Kwa hiyo kwenye meza moja, mwezi mmoja, waridi la jangwani limelala na mguu wa ndovu unakimbia. Nilikuwa nikiilaumu baridi ya Nakuru. Sasa naona mji huu unafaa mimea ya Rasi kuliko Kisumu itakavyofaa, na mpango nimeubadilisha: joto la Machi hadi Mei na la Septemba kuendelea ni la mimea ya Baringo na Taita, baridi ya katikati ya mwaka ni ya mguu wa ndovu. Mwakani nitaongeza Fockea edulis, ambayo pia ni ya Afrika Kusini na huvumilia ubaridi.

Oktoba

Nimehamisha waridi la jangwani. Kazi hii hufanywa joto likisharudi, na ndipo mtu anapoamua sura ya mmea. Nimeutoa kila mche, nikaukung'uta udongo, nikautandaza juu ya gazeti. Mingi imeshusha mzizi mmoja wa katikati, mnene, unaoelekea chini moja kwa moja. Ukiuacha, utapata umbo la karoti. Nimeukata kwa wembe uliopitishwa kwenye spiriti, utomvu ukatoka na kukauka, na miche ikalala kivulini siku kadhaa hadi vidonda vikafunga utando. Halafu nimeipanda kwenye vyungu vipana visivyo na kina, mizizi ya pembeni nikiitandaza kama miale, na tumbo nimeliinua kidogo tu juu ya udongo. Kila unapohamisha unainua kidogo. Kinachokaa ndani ya udongo hunenepa haraka, kinachokaa nje hupata ngozi na rangi.

Tumbo lililokuwa gizani likipigwa na jua la hapa mara moja huungua, doa la kahawia lisilofutika. Nimeyaweka chini ya shedi-neti na kutia alama ya upande wa kusini kwenye kila chungu, ili nikivihamisha visigeuzwe.

Adenia nimeziacha zilivyo. Msingi wa kila moja umeanza kuwa duara la kijani kibichi, ngozi ina vinundu, na hilo tumbo lenyewe hutengeneza chakula kwa mwanga hata mmea ukidondosha majani.

Januari

Kiangazi, hewa kavu, mchana mkali. Utitiri mwekundu umeingia kwenye waridi la jangwani, majani yana vitone vya vumbi la shaba na nyuzi chini yake. Maji ya bomba la kupulizia, chini ya majani, asubuhi kwa asubuhi, yametosha.

Mguu wa ndovu bado una majani. Mmea mkubwa ungekuwa umelala, lakini miche ya mwaka wa kwanza ikiendelea kuwa kijani haikatizwi. Naipa kivuli zaidi na maji kidogo.

Machi, mwaka wa pili

Nimerudi Marigat kwa matatu, na miche ya waridi la jangwani ndani ya katoni, kwa ajili ya boma lililonipa mbegu. Mzee mwenye boma aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akagusa tumbo.

"Hii ni ya mwaka jana?"

"Ndiyo, mzee."

"Ile ya mlimani haiwi hivi kwa mwaka mmoja."

"Hiyo ya mlimani haina mtu wa kuipa maji, mzee."

Akanipeleka kwenye kilima nyuma ya boma. Miwaridi imeota kwenye nyufa za mwamba, mingine imekandamizwa kati ya mawe mawili hadi ikachukua umbo la ufa. Mbuzi, alisema, hawaigusi hata wakati wa njaa, na ndiyo sababu imebaki wakati vichaka vingine vimeliwa hadi kisiki. Akanionyesha mashimo, mapya, kingo zake bado kali, sehemu ambazo gari linaweza kufika. Mashimo yale hayakuwa na mche hata mmoja pembeni. Anayeng'oa huchukua mkubwa, na mkubwa ndiye anayezaa mbegu.

Tumekubaliana hivi: vijana wake watavika neti maganda ya mimea ya bomani kila msimu, mimi nitanunua mbegu kwa uzito, na sehemu ya miche itarudi kwao waiuze wenyewe kwa wasafiri wa ziwani. Kijana mmoja tayari ameanza kuandika tarehe kwenye kila neti.

Juni, mwaka wa pili

Waridi la Kisumu limechanua kwanza, kama ilivyotarajiwa. La Nakuru lilifuata mwezi wa Mei, kabla ya baridi, na mawili yakachanua pamoja, jambo linalohitajika kwa sababu ua la mmea huu kwa kawaida halishiki kwa chavua yake lenyewe.

Kuchavusha kwa mkono nimejifunza hivi. Ukichungulia kooni mwa ua unaona nyuzi tano zenye manyoya, zinazotoka kwenye koni ndogo iliyofungwa. Chavua imo ndani ya koni hiyo. Nimepasua ua moja kwa urefu kwa mkasi wa uzi ili koni ibaki wazi, nikachukua unywele mmoja wa brashi ya rangi, nikaupenyeza juu ya koni hadi ukatoka na chembe za manjano zinazonata. Ua la pili nimelipasua upande mmoja tu. Kati ya vipande viwili vya koni kuna ufa mwembamba sana, upande wa chini, karibu na shina la ua. Humo ndimo unywele unapoingia, ukisukumwa juu polepole mpaka usikie umekwama, kisha unatolewa. Mkono uliozoea kutunga uzi kwenye sindano namba tisa hauoni kazi hii kuwa ngumu. Maua kadhaa yamedondoka, na mawili yameshika. Vichwa vya maganda vinaonekana.

Miche ya kuuza iko tayari. Nimeiweka mbele ya duka la kushonea, kila chungu na kibao chenye jina la mmea, mwezi wa mbegu, na boma la asili yake. Wanaosimama huuliza kwanza kwa nini ni midogo. Nawaonyesha ule wa Oktoba na ule wa leo kwenye simu, nawaeleza habari za mashimo, na wengi huondoka na chungu. Mama wa kuku amechukua mmoja, ameuweka dirishani juu kabisa.

Mguu wa ndovu wa mwaka wa kwanza umefikia ukubwa wa limau dogo, ngozi imeanza kuwa ya kahawia na yenye mikunjo ya kwanza. Trei mpya zimepandwa juma hili, pamoja na Fockea.

Kilichobaki bila jibu ni Adenia. Mmea mmoja huwa dume au jike, na hakuna dalili yoyote kwenye tumbo, jani wala mwiba hadi uchanue. Kwa hiyo siuzi hata mmoja kwa sasa. Kila chungu kimepewa namba, mikono imeelekezwa kwenye waya tofauti isichanganyikane, na zitakapochanua nitahitaji madume na majike kwa wakati mmoja ili nipate mbegu za Nakuru. Kama wewe uko Kisumu, Kakamega, Eldoret au popote huku magharibi na una Adenia globosa iliyokwisha kuchanua, niambie ni dume au jike, na ilichanua mwezi gani.